Niliita mafundi mara mbili kung'oa boganvilia moja

Boganvilia hii niliirithi pamoja na nyumba, huku Tudor, Mombasa. Uzuri wake siukatai. Lakini ilipandwa kwenye tuta jembamba kati ya ukuta na njia ya gari, na upepo wa kusi ukivuma, miiba ilikuwa inachora gari kama mtoto aliyepewa msumari. Shina lilishanenepa kama paja. Ubavuni mwake kulikuwa na kichaka cha haibiska, nacho cha siku nyingi. Nikaamua vyote viwili vitoke.

Kikosi cha kwanza, jina nawahifadhia, kilikuja na pikapu na mnyororo. Wakaniambia kazi ni ya dakika ishirini, na hawakusema uongo. Haibiska ilitoka ndani ya dakika ishirini, ikatoka na kabro kama thelathini, yale matofali ya saruji yaliyotandikwa njiani, na kipande cha ukingo wa saruji. Nikawasimamisha kabla hawajaifunga boganvilia. Wakataka elfu tatu zao zote. Tukagombana hapo, nikawapa nusu ili waondoke.

Wa pili ni mzee mmoja wa Likoni niliyeelekezwa na jirani, na huyu ndiye ninayetaka kumsifu. Alipoiona ile hasara hakushangaa. Akanionyesha kwa mtaimbo: alichimbua kidogo tu, chuma kikagota mwamba wa matumbawe. Mzizi ukifika hapo hauna pa kushukia, unageuka na kutambaa, na njia nyepesi ni ule mchanga uliotandazwa chini ya kabro. Kwa hiyo anayevuta shina huku anafunua kabro kama mkeka. "Mama, huu hauvutwi," akasema, "huu unashawishiwa."

Kabla ya siku ya kazi alinipigia simu nimwagie tuta ndoo nane jioni ili udongo ulainike. Ndoo nane hapa Mombasa si mchezo, lakini nilimwaga. Asubuhi ahadi ilikuwa saa moja, akaja saa tatu na vijana wawili, lawama zote akaibebesha feri.

Matawi waliyapunguza kwa panga, ila shina wakaliacha hadi usawa wa kifua ili lije kuwa wenzo. Kisha wakatoa kwa mkono safu mbili za kabro zinazopakana na tuta, kila moja ikaandikwa namba kwa chaki na kulazwa kwenye gunia kwa mpangilio wake. Upande huo wakachimba mfereji mwembamba kwa sepetu mpaka mizizi ikaonekana. Mzee alikuwa akifuta mchanga kwenye mzizi kwa vidole, polepole, kama anayesafisha samaki, ndipo akate kwa msumeno. Mchanga, anasema, unakula meno ya msumeno. Panga hakulitaka humo kabisa, kwa sababu likiteleza linamega kabro. Mzizi mmoja ulikuwa umekumbatia bomba la plastiki la maji. Hapo wote waliweka vyuma chini wakachimba kwa mikono.

Mizizi ya upande wa njia ilipokwisha kukatwa yote, ndipo wakalisukuma shina kuelekea upande wa nyasi. Mtaimbo uliegemezwa kwenye kipande cha ubao kilicholazwa juu ya udongo, ukingo haukuguswa hata mara moja. Wanasukuma, wanachungulia chini, wanakata, wanasukuma tena. Adhuhuri inaadhiniwa, kisiki kiko chali.

Shimo lilijazwa kidogo kidogo, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa gogo. Chini ya kabro wakatandaza vumbi la kokoto, wakapima kwa pimamaji na kuzirudisha kwa namba zake. Hata hivyo, mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, safu moja ilizama kiasi cha unene wa kidole. Nilimpigia, akarudi kuirekebisha bila kudai hata nauli.

Malipo yalikuwa elfu saba, na hayo yalihusu pia kutengeneza uharibifu wa wale wa kwanza. Kasoro yake ni takataka. Aliniachia lundo la miiba langoni, nikamlipa mwenye mkokoteni shilingi mia sita aliondoe, na tairi lake likatoboka kabla hajafika barabarani. Halafu upande wa ukuta alikataa kata kata kuchimba chini ya msingi, akaukata mzizi wa hapo sawa na udongo basi. Vichipukizi viwili vimeshachungulia hapo, nami navikata kila Jumamosi. Bora hivyo kuliko ufa ukutani.

Badala ya kabro kumi na moja zilizovunjwa na wale wa pikapu nilinunua mpya. Ni za milimita 60 kama za zamani, ila wekundu haukulingana, na kila mgeni anayeingia ananiuliza pale palizikwa nini.