Sigil: kihariri cha EPUB kisichokuficha kitu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunaichambua Sigil, programu ya bure ya kuhariri vitabu vya kielektroniki vya EPUB kwenye Windows, Mac na Linux. Kabla sijaifungua, nakili faili moja la EPUB, badilisha .epub iwe .zip, kisha lifungue. Umeona? Ndani kuna kurasa za XHTML (HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ila yenye sheria kali zaidi), faili la CSS linalopanga mwonekano, picha na fonti. Kitabu chako ni tovuti ndogo iliyofungwa kwenye furushi moja!

Undugu huu ni wa zamani. SGML, lugha ya alama iliyoundwa kwa ajili ya nyaraka, ilikuwa kiwango cha ISO tangu 1986, na humo ndimo Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alimochota HTML. Wavuti iliazima kwa wachapishaji, leo wachapishaji wanaazima kwa wavuti.

Sasa tazama skrini. Kushoto mafaili, katikati tagi zenyewe (alama zinazoonyesha aya, kichwa au picha inaanzia na kuishia wapi), kulia kitabu kinavyoonekana. Nafuta tagi moja tu ya kufungia aya. Kivinjari kikikutana na pengo hili kwenye HTML ya kawaida, kinaifunga aya chenyewe na kuendelea. XHTML haina huruma hiyo. Kuna visomaji vitakavyokataa kuonyesha sura nzima. Nabonyeza F7, na Sigil inanipeleka hadi mstari wenye kosa. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipojipatia heshima. Programu nyingi za kuandikia zinakuuzia kitufe cha "hamisha kwenda EPUB", kisha zinakuachia tagi chungu nzima usizozihitaji, na wewe huzioni mpaka msomaji alalamike.

Kingine ninachokipenda: ukiweka vichwa vya sura kwenye h1 na h2, yaani tagi za vichwa, badala ya kukoleza tu maandishi, jedwali la yaliyomo linajengwa lenyewe. Na kutafuta-na-kubadilisha kunapita kwenye mafaili yote kwa mkupuo.

Kasoro? Ipo, na si ndogo. Tangu toleo la 1.0 huwezi kuandika moja kwa moja kwenye ukurasa uliopambwa, kama msomaji anavyouona. Kazi hiyo imehamishiwa PageEdit, programu ya pembeni unayoipakua peke yake. Asiyejua hata tagi moja atahangaika siku za mwanzo.

Kama unachapisha riwaya, mashairi au kitabu cha kiada chenye maandishi mengi, ipakue. Kama kila ukurasa lazima ubaki vilevile kwenye kila skrini, baki na PDF.