HeartStart HS1: je, jouli 150 zinatosha?

Tulipokuwa tukichagua mashine ya kustua moyo kwa ajili ya jengo letu la ofisi, mjumbe mmoja wa kamati aliweka vipeperushi viwili mezani, kimoja cha mashine ya jouli 360 na kingine cha jouli 150, akauliza kwa nini tununue yenye nguvu pungufu. Swali lilikuwa la haki, na kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa huduma ya kwanza, lilinilazimu kusoma zaidi ya vipeperushi. Tuliishia kununua HeartStart HS1 ya Philips, ile ya jouli 150, nami baada ya mwaka mmoja na nusu wa kuitunza na kuifanyia mazoezi bado naitetea, ingawa nina shaka moja.

Jouli hupima nishati, ilhali kinachotuliza vyumba vya chini vya moyo vinapotetemeka ovyo ni mkondo unaopenya misuli yake, pamoja na muda na umbo la mkondo huo. Mashine za zamani, zilizofuata muundo aliouleta Bernard Lown huko Marekani mwaka 1962, zilisukuma mkondo upande mmoja tu, kutoka pedi moja (kibandiko cha kupitishia umeme kinachowekwa kwenye ngozi) hadi nyingine, na mtumiaji alizoea kuanza na jouli 200, akapanda 300, akamalizia na 360. HS1 husukuma mkondo upande mmoja kwa milisekunde chache, kisha huugeuza urudi ulikotoka. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba awamu ya pili hufuta chaji iliyoachwa na ya kwanza kwenye kuta za seli, chaji ambayo ingeweza kuuwasha mtetemo upya.

Ushahidi wake si wa maneno ya wauzaji tu. Katika jaribio la wahudumu wa dharura barani Ulaya lililochapishwa mwaka 2000, lenye wagonjwa 115, mshtuko wa kwanza wa jouli 150 wa pande mbili uliuzima mtetemo kwa asilimia 96 ya wagonjwa, wakati mashine za upande mmoja zilifikia asilimia 59. Hata hivyo msomaji asikimbilie kufurahi, kwa kuwa “kufaulu” katika tafiti hizi kwa kawaida ni mtetemo kutoweka kwa sekunde tano baada ya mshtuko, na idadi ya waliotoka hospitalini wakiwa hai haikutofautiana kwa namna ya maana baina ya makundi hayo mawili.

Jambo lililonivutia zaidi ni jinsi mashine inavyopima ukinzani wa kifua, yaani kiasi kinavyozuia umeme kupita, kupitia pedi zenyewe na kurekebisha mshtuko ulingane na mtu aliyelala mbele yake, awe mwembamba au mnene. Kipimo hicho hakiwezi kumsaidia mtu aliyebandika pedi juu ya jasho au nywele nyingi, kwa hiyo ndani ya mkoba wetu mna taulo na wembe. Kuitumia ni rahisi: unavuta mpini wa kijani, mashine inaanza kuzungumza, unabandika pedi kama zilivyochorwa, na ikiamua kwamba mshtuko unahitajika kitufe cha rangi ya chungwa kinawakawaka. Yetu huzungumza Kiingereza. Katika zoezi la kwanza, tukitumia pedi za mafunzo zisizotoa umeme, mlinzi wetu wa zamu ya usiku alifika hadi kwenye kitufe hicho, akasita, akanigeukia: “Mwalimu, inasema nibonyeze au nikae mbali?” Sekunde zile ni ghali, maana kila dakika inayopita bila mshtuko wala kukandamizwa kifua hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Siku hiyohiyo tulibandika kadi ya maelekezo ya Kiswahili ndani ya kifuniko.

Shaka yangu inahusu mgonjwa asiyeitikia mshtuko wa kwanza. Jaribio la Kanada la mwaka 2007 lilionyesha kwamba kwa waliohitaji zaidi ya mshtuko mmoja, kupanda kutoka jouli 200 hadi 360, pia kwa mkondo wa pande mbili, kulizima mtetemo mara nyingi zaidi kuliko kurudia 150, ijapokuwa tofauti ya kunusurika haikuthibitika. HS1 haipandi. Kwa ofisi ambayo gari la wagonjwa linaweza kuifikia upesi nisingelala macho kwa sababu hiyo. Kwa hoteli iliyo mbali na mji ningependelea mashine inayopanda. Huko Kanada tena, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 kuhusu wagonjwa 405 ambao mtetemo wao ulikataa kuzimika yalionyesha kwamba kuhamisha tu pedi, moja kifuani na nyingine mgongoni, kuliinua idadi ya waliotoka hospitalini hai kutoka asilimia 13.3 hadi 21.7, lakini hiyo ni kazi ya wahudumu waliofunzwa, wala mlinzi wetu asiijaribu.

Malalamiko yangu makubwa ni ya muuzaji, ambaye simtaji: alituletea pedi zilizobakiza miezi minne kabla ya muda wake kwisha, na taa ya kijani ilikuwa ikipepesa vizuri kana kwamba hakuna tatizo. Alizibadilisha baada ya barua tatu. Sasa tarehe ya pedi huisoma mimi mwenyewe, kabla ya kutia saini ya mapokezi.