Maua ya kudumu kwa uwanja usioona jua: ununue lipi kwanza

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina ule uchochoro kati ya nyumba na ukuta wa uzio ambako jua halifiki asubuhi wala jioni. Ukiwaambia wauza miche wa barabarani kwamba kwako ni kivuli kitupu, utajibiwa kila mche "unavumilia". Kuvumilia si kuchanua. Waridi, asumini na bogenvilia zitakupa majani tu, tena machache.

Mimi naanza na bizi lizi, wengine huiita impeshensi, ingawa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote hapa. Asili yake ni huku huku, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, kwenye misitu yenye unyevu, kwa hiyo kivuli ni kwao. Inachanua karibu mwaka mzima, kwa rangi ya waridi, nyekundu, nyeupe. Nunua mche mmoja wa kila rangi, basi. Kata kijitawi, kichomeke kwenye glasi ya maji, baada ya wiki moja au mbili kina mizizi. Ikirefuka na kubaki vijiti, ipunguze bila huruma. Kasoro yake ni kiu: ukisafiri siku mbili wakati wa joto la Januari bila mtu wa kumwagilia, utaikuta imelala.

Ya pili ni pisi lili. Kwenye giza sana maua yake hupungua, lakini majani yanapendeza hata bila ua. Dukani usivutiwe na mche uliojaa maua wazi. Yakianza kugeuka kijani, yamezeeka. Chagua wenye machipukizi ya maua ambayo bado yamejikunja. Geuza majani uangalie vidung'ata, wale wadudu weupe wenye utando wa pamba, maana ukiwaingiza nyumbani kuwatoa ni kazi.

Anthuria ni ghali, na ua moja hukaa wiki kadhaa. Haitaki udongo wa kushikana: changanya makumbi ya nazi na mkaa uliovunjwavunjwa. Inataka mwanga zaidi kidogo kuliko hizo mbili, kwa hiyo iweke pale uchochoro unapofungukia. Utomvu wake na wa pisi lili unawasha mdomo na koo. Wenye watoto wadogo au mbuzi wawe macho.

Klivia waachiwe watu wa Lushoto, Arusha na Limuru. Bila msimu wa baridi haitoi ua, na Pwani utanunua majani.

Saintpolia nimeiweka mwisho ingawa ni ya kwetu Tanga na Usambara, alikoikuta ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892. Usiipande ardhini uchochoroni, itaoza kwa mvua ya masika. Iweke kwenye chungu kidogo barazani, umwagilie udongo, usilowanishe majani.

Na kama kivuli chako ni cha mwembe, panda zote vyunguni. Mizizi ya mwembe haigawani maji na mtu.