Kuisaka chembe mpya yenyewe, au nyayo zake?
Katika LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, timu za majaribio ya ATLAS na CMS huchambua migongano ya protoni wakitumaini chembe mpya itazaliwa papo hapo. Ndivyo chembe ya Higgs ilivyopatikana 2012. Ushahidi wa namna hiyo ni mzito, ila chembe inayohitaji nishati kubwa kuliko iliyopo kwenye mgongano haitoki ng'o.

LHCb, jaribio jingine la mtambo huohuo, hufuata zaidi nyayo. Huvizia, kwa mfano, mesoni ya Bs (chembe inayodumu kitambo kidogo mno) ikivunjika kuwa myuoni mbili, ndugu wazito wa elektroni, jambo linalotokea kama mara 3 tu katika bilioni. Chembe isiyoonekana, hata iliyo nzito mno kuzaliwa kwenye mgongano, ingeweza kuvuruga hesabu hiyo. Mwaka 2015 LHCb na CMS walichapisha kwa pamoja kwamba wameliona. Hesabu ikalingana na nadharia iliyopo (poleni mliotaka maajabu). Hata hivyo naegemea njia hii: inafika mbali zaidi, ingawa haikuambii aliyepita ni nani.