Asetilisisteini 600 mg ya kuyeyusha: inafaa kwa makohozi, si kwa homa ya uti wa mgongo

Kwa makohozi mazito, vidonge hivi vinastahili sifa. Mtu mzima hutumia kimoja kwa siku kwenye nusu bilauri ya maji, na akinywe mara kikishayeyuka. Bilauri iwe ya kioo au plastiki: dawa hii ina salfa, hupambana na chuma na shaba, hivyo kikombe cha bati hakifai. Harufu ya yai viza isikutishe, ndivyo ilivyo. Kasoro zipo. Sodiamu ni nyingi, mwenye presha aangalie. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Na kifuniko kikiachwa wazi masika ya Tukuyu, vidonge hunyonya unyevu na kuanza kuchemka kabla hata ya kuyaona maji.

Tunapokataa ni pale dawa hiyohiyo inaposifiwa kama antioksidanti (kizuia kemikali zinazochoma seli) ya kulinda ubongo wa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo.

Hoja yenyewe ina mizizi. Bakteria wakiingia kwenye maji ya uti wa mgongo, seli nyeupe huwamwagia kemikali kali, supaoksidi na nitriki oksidi. Hizo mbili zikikutana huzaa peroksinitriti, ambayo huchoma mafuta ya kuta za seli, ikaumiza mishipa ya damu ya ubongo na sikio la ndani. Baadhi ya wanaopona hubaki viziwi. Nyumokokasi, mmoja wa bakteria wa ugonjwa huu, naye hutengeneza haidrojeni peroksidi yake. Asetilisisteini huupa mwili malighafi ya glutathioni, inayozima moto huo, na panya waliopewa pamoja na antibiotiki ya seftriaksoni waliumia kidogo kuliko waliopewa seftriaksoni peke yake.

Ni panya lakini, tena walichomwa sindano. Ya kumeza, chini ya sehemu moja ya kumi ndiyo hufika kwenye damu ikiwa nzima. Na majirani zetu wa Blantyre, Malawi, walishaona tumaini la namna hii likivunjika: gliseroli, dawa nyingine ya nyongeza iliyotarajiwa kupunguza uvimbe wa ubongo, ilipopimwa kwa watu wazima (matokeo ya 2011), walioinywa walikufa wengi zaidi.

Homa, kichwa kikali na shingo iliyokakamaa ni za hospitali saa hiyohiyo. Dawa ni seftriaksoni, gramu 2 kila saa 12 kwa mtu mzima; zahanati ikiwa nayo, dozi ya kwanza ichomwe kabla gari la rufaa halijaondoka. Isichanganywe na dripu ya Ringer: kalisi iliyomo huigandisha.