TAHADHARI: Muuzaji wa regyuleta na heda za 1JZ anayewapiga watu mtandaoni

Wakuu, kwa wale mnaojiandaa kutoa injini ya 1G-FE kwenye Toyota ya GX100 (kama Chaser) na kuweka injini ya 1JZ-GE, someni hapa kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji anatangaza seti kamili ya swapu (kubadilisha injini): regyuleta ya kurekebisha, yaani kifaa cha kudhibiti presha ya mafuta, geji yake ya kusomea presha, na heda za stenlesi (mabomba ya kutoa moshi kwenye injini), "inaingia bila kukata chochote". Jina la ukurasa silitaji kwa sababu kila likichafuka analibadilisha. Picha ndizo hazibadiliki, na nitawaonyesha pa kuangalia.

Nimemjua kupitia Chaser ya mteja. Gari lilifika gereji likitoa moshi mweusi, petroli inanuka mpaka ndani, plagi zote sita nyeusi kama masizi ya sufuria. Fundi wa mwanzo alishabadilisha nozo (vinyunyizio vya mafuta), akabadilisha na sensa ya oksijeni. Hela ya mwenye gari imeteketea, moshi uko palepale. Simlaumu sana huyo fundi, maana vifaa viwili vibovu kutoka kwa muuzaji yuleyule vilikuwa vinashirikiana kumpoteza.

Tuanze na regyuleta. Injini hii inataka karibu psi 40 (psi ni kipimo cha presha) kwenye reli ya nozo ukiwa umechomoa mpira wa vakyumu, ule mwembamba unaoleta mvuto wa hewa wa injini kwenye regyuleta. Ukiurudisha huku injini inaunguruma bila resi, presha inatakiwa ishuke psi 8 hadi 10 hivi. Geji iliyokuja na ile seti ilisoma 40 safi, kila mtu akaridhika nayo. Nikafunga yangu: 60. Nikachomoa mpira wa vakyumu, sindano haikutikisika, ila ncha ya mpira ikadondosha petroli kwenye kidole. Yaani diaframu, utando wa ndani ya regyuleta, ilishachanika, na injini ilikuwa inanyonya petroli mbichi kupitia njia ya hewa. Hapo tumeshatoka kwenye habari ya ulaji wa mafuta, tumeingia kwenye habari ya gari kuwaka moto. Ile geji yao tulipoifungua na kuishika mkononi, haijaunganishwa na kitu chochote, sindano bado ilikuwa inasema 40. Imekwama hapo, labda tangu ilipotoka kwenye boksi.

Kabla hujaihukumu regyuleta, hakikisha njia ya mafuta kurudi kwenye tenki haijaziba. Unaichomoa kwenye regyuleta, unaelekeza mafuta kwenye galoni kwa mpira mzima, mbali na moto na injini ikiwa baridi, halafu unatazama geji. Presha ikishuka, bomba la kurudishia limebanwa mahali. Sisi ilibaki 60 vilevile, kwa hiyo kosa halikuwa bomba.

Msidhani psi 20 za ziada ni kitu kidogo. Mafuta yanayopita kwenye nozo hufuata kipeuo cha pili cha presha, hivyo kutoka 40 kwenda 60 unaongeza takriban asilimia 22. Na kwa kuwa regyuleta ilikuwa haisikii vakyumu, gari likiwa halina resi ziada ilikuwa inakaribia theluthi. Kompyuta ya gari hujitahidi kupunguza, lakini ina mpaka wake.

Sasa heda. Kwenye injini za JZ, upande wa ekzosi ni wa kulia. Magari yetu usukani uko kulia pia, kwa hiyo shafti ya usukani inashuka palepale heda inapotakiwa kupita. Zile heda zilitengenezwa kwa gari la usukani wa kushoto, ambako upande huo hauna shafti. Mabomba ya silinda za nyuma yaligonga shafti, na mtu akaamua kuyaponda kwa nyundo ili usukani uzunguke. "Bila kukata", kweli hawakukata! Flenji, bamba la heda linalofungwa kwenye injini, nayo ni nyembamba na ilijikunja wakati wa kuchomelea. Niliweka rula ya chuma juu yake, fila geji (kibamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.5 ikapita katikati bila kugusa. Hakuna gasketi itakayoziba pengo hilo.

Na hapa ndipo fundi wa mwanzo alipopotezwa. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, huvuta hewa ya nje kila moshi unaposukumwa kwa mapigo. Sensa inaona hewa nyingi, inaambia kompyuta mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Regyuleta inamwaga upande huu, heda inadai ziada upande ule. Ukibadilisha nozo hata mara kumi hutafika popote.

Mteja alipoomba arudishiwe hela, jibu lilikuwa "fundi wako ndiye mbovu", kisha akablokiwa. Baada ya muda mfupi picha zilezile zikatokea kwenye ukurasa wenye jina jipya. Zikuzeni mzitazame: gari lililofungwa heda lina usukani kushoto. Kwenye regyuleta, jina la kampuni maarufu limepigwa rangi tu, kwa kucha linabanduka. Na ukimuuliza heda ni ya 1JZ au ya 2JZ, injini ndugu yake, atakwambia zote sawa. Si kweli. Pistoni ya 2JZ inasafiri milimita 86, ya 1JZ 71.5, kwa hiyo bloku ya 2JZ ni ndefu na kila kitu kinakaa juu zaidi.

Kama lazima ununue regyuleta ya mtu, ikiwa mpya kabisa nyonya kwa mdomo pale panapoingia mpira wa vakyumu. Ulimi ukishikwa na usiachiwe, diaframu ni nzima. Ukinyonya hewa inapita tu, mrudishie palepale. Binafsi, kwa 1JZ-GE isiyo na tabo, sioni sababu ya kununua ya kurekebisha. Ile ya kiwandani inatosha, na Chaser ya mteja sasa inatembea nayo pamoja na manifoldi yake ya asili ya ekzosi, ile ambayo heda huchukua nafasi yake. Moshi umekwisha.

Aliyekwisha kutuma hela ya nusu, usimtumie iliyobaki hata akikwambia mzigo uko bandarini. Piga picha za mazungumzo yote na ujumbe wa malipo leo hii, kabla hajafuta, ndipo uende polisi. Kwa bidhaa bandia zenye jina la kampuni nyingine, hapa Tanzania peleka pia malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Wenye picha zake nyingine ziwekeni hapa chini.