TAHADHARI: Wanunuzi wa Hiace za dizeli Mbeya, msikubali kuambiwa "taimingi belti imeshabadilishwa"

Jamani, naomba msome hii kabla hamjatoa pesa yenu, hasa nyie mnaotafuta Hiace za mizigo huku Mbeya, Tukuyu na Kyela. Nimetapeliwa. Siku nne nimeona aibu hata kumwambia mama yangu mzazi. Leo nimeona nikinyamaza yule kijana aliyeniuzia atamwuzia mwingine, na huyo mwingine pengine atakuwa amepakia watu, siyo ndizi kama mimi.



Gari nililikuta Uyole. Hiace ya dizeli, injini ya 5L (ni jina la injini ya Toyota, siyo lita tano), bodi haina hata mkwaruzo. Muuzaji nilielekezwa na mtu tunayesali naye, na alinipokea kama mtoto aliyelelewa: ameinama, mikono miwili, "Mugonile, mama," salamu yetu ya Kinyakyusa. Akaniuliza natokea upande gani. Nikasema Kiwira. Akasema na bibi yake ni wa huko huko, akataja mpaka kanisa. Na msije mkasema nilikwenda peke yangu kama kipofu. Nilikwenda na shemeji, ameendesha dizeli zaidi ya miaka kumi. Aliwasha injini ikiwa ya baridi, ikashika mara moja. Akatazama moshi, akachomoa stiki ya oili, akaligusa rejeta, akaliendesha mpaka Igawilo na kurudi. Hakuona kasoro. Shemeji huyo huyo ndiye aliyeuliza: "Na taimingi belti je?" Yaani ule mkanda wa mpira unaoendesha valvu ndani ya injini.

Hapo ndipo muuzaji alipotumaliza. Hakusita hata kidogo. Alinyanyua kiti cha mbele, akatuonyesha stika imebandikwa juu ya kava la mkanda huo, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: T/BELT, tarehe, kilomita 212,000. Akamwambia shemeji asome dashibodi. Ilikuwa 214,600. "Mama, belti ya injini hii inakwenda kilomita laki moja. Hapa imetembea elfu mbili na kitu tu. Utabeba ndizi mpaka utasahau kama kuna kitu kinaitwa belti." Kisha akazunguka nyuma ya gari, akarudi na boksi la Toyota. Ndani yake kulikuwa na mkanda wa zamani, umekauka, umepasukapasuka. "Huu ndio tulioutoa. Chukua, kamwonyeshe fundi wako."

Nikaushika kwa mikono yangu. Nikaukunja, nikaona nyufa. Mtu anayekuwekea ushahidi mkononi utamshuku kwa lipi? Shemeji alisema tufungue kava tuuone huo mpya. Kijana akajibu hana neno, ila lazima puli ya krenki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni) itoke, ni kazi ya kula nusu siku, na saa nane kuna mtu wa Mbalizi anakuja na pesa taslimu. Shemeji akaniangalia. Nikasema, "Tuache." Neno hilo moja ndilo ninalolisikia kila nikifumba macho usiku. Nikahesabu milioni kumi na nne na laki mbili, mkataba ukaandikwa, na ndani yake akachomeka maneno "gari limeuzwa kama lilivyo". Niliyasoma na sikuyatilia maanani.

Siku ya kumi na tisa tulikuwa tunatoka Kiwira na mikungu sabini, tunapanda Isyonje. Mnajua ukungu wa pale asubuhi. Gari lilikuwa linavuta vizuri, halikukohoa, halikutoa mlio wowote wa kututahadharisha. Ikalia "pa!" moja, kama fimbo kavu imevunjwa, injini ikanyamaza. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama unakanyaga jiwe, gari likaanza kurudi nyuma na nyuma yetu lori. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Utingo aliruka na jiwe akaliingiza chini ya tairi mara mbili ndipo likasimama. Mungu ambariki yule kijana, na dereva wa lori aliyewahi kukwepa. Dereva wetu akapiga stata, ikazunguka kwa wepesi wa ajabu, kama haina mzigo. Akapiga tena na tena. Fundi aliniambia baadaye kwamba wepesi ule ndio dalili mkanda umekatika, na kila stata mnayopiga mnaweza kuongeza hasara.

Tulivutwa mpaka gereji. Silinda hedi ilipotoka, valvu zilikuwa zimepinda na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, imepasuka. Fundi alinieleza kwamba mkanda ule ndio unaozungusha kamshafti na pampu ya dizeli. Ukikatika, krenki inaendelea kupeleka pistoni juu wakati valvu zimesimama zikiwa wazi, na kwenye dizeli pistoni inafika karibu kabisa na hedi, hakuna nafasi ya kupishana. Noah za zamani za injini ya 3S mkanda ukikatika gari linazima tu, unafunga mwingine unaondoka. Hii ya kwangu imekula milioni mbili na laki sita, na ndizi ziliivia njiani.

Mkanda uliotoka humo ulikuwa umelowa oili iliyokuwa inavuja kwenye sili ya kamshafti, meno yamenyofoka kipande kizima. Fundi akaniomba ule wa kwenye boksi, akailaza miwili kwenye meza. Ule wa boksi ulikuwa mfupi na mwembamba. "Mama, huu haujawahi kufungwa kwenye 5L." Kisha akafungua dashibodi, na hapo ndipo nililia kweli. Taa ya T-BELT, ile inayowaka kilomita laki moja zikifika kukwambia badilisha, balbu yake imechomolewa. Tundu tupu. Maana yake taa ilikuwa inawaka, yeye akaona, akachagua kuchomoa balbu kuliko kununua mkanda na tenshena yake, ile inayoukaza mkanda.

Nilimpigia. Akanijibu, "Mama, mkataba unasema kama lilivyo," akakata. Tangu hapo namba yangu haiingii kwake. Nimeshachukua RB polisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu, ni hadi miaka saba jela, na mimi nataka aitumikie yote. Mtu aliyeandika tarehe ya uongo kwa mkono wake, akabeba mkanda wa gari lingine kwenye boksi na kunisalimia kwa lugha ya mama yangu, huyo hajakosea bahati mbaya. Alipanga. Angeua watu.

Mnaotaka kununua: funguo ikiwa kwenye "ON", kabla hujawasha, taa ya T-BELT lazima iwake pamoja na taa nyingine, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, ondokeni hapo hapo. Stika siyo risiti, mwombeni risiti ya duka la spea na namba ya fundi aliyefunga, mmpigie nyie wenyewe. Oili ikivuja kuzunguka kava, kataeni. Na kama hakuna kumbukumbu ya kuaminika, hesabuni kwamba haujabadilishwa: mwambieni apunguze bei, mkautoe na mkafunge mpya pamoja na tenshena na sili kabla ya safari ya kwanza. Hata kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma, na mkanda unazeeka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Wenye IST zile za injini ya 1NZ nyie mna cheni badala ya mkanda, hili haliwahusu.

Na nusu siku ya kufungua kava, lipieni. Hata kama kuna mtu wa Mbalizi anakuja saa nane. Sasa naamini hakukuwa na mtu yeyote.

Stika, boksi na ule mkanda ninavyo, sijavitupa. Kama kuna aliyeuziwa Hiace Uyole kwa mtindo huu huu, wa boksi na "mugonile, mama", anitafute tuongozane polisi. Mlalamikaji mmoja atamzungusha, tukiwa watatu hatatoka.